Fiziotherapia: mtihani unapima mikono, kazi inadai kichwa

Wiki za mwanzo za kozi, wanafunzi wa fiziotherapia hupewa zoezi linaloonekana jepesi kupita kiasi. Mmoja analala kifudifudi kitandani, mgongo wazi. Wenzake watano wanakuja mmoja mmoja, kila mtu na kalamu yenye rangi yake, na kuweka nukta juu ya pingili ya nne ya kiuno. Njia ya kuipata imo vitabuni: weka viganja juu ya kingo za mifupa ya nyonga, nyoosha vidole gumba mpaka vikaribiane katikati ya mgongo, na hapo ndipo ilipo pingili ya nne, au nafasi iliyo kati yake na ya tano. Wote wamesoma ukurasa uleule. Zoezi likiisha, mgongo una nukta tano, na kati ya ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa unaweza kulaza vidole vitatu.

Mimi nilikuwa na kalamu ya kijani. Nilikuwa na hakika na nukta yangu, na ndiyo iliyokuwa mbali na zote. Mwalimu hakutuambia nani kapatia. Alitutazama tu tukibishana, kisha akaenda kunywa chai. Nilidhani ile ilikuwa aibu ya wageni. Miaka kadhaa baadaye nikaja kusoma kwamba hata wazoefu, wakipimwa kwa namna hiyohiyo, hutofautiana vibaya.

Naanza na nukta hizo kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Wengi wanaoomba kusoma shahada hii wanaifuata kwa ajili ya mikono: kukanda, kunyoosha, kurudisha kiungo mahali pake. Na vyuo, kwa aina ya mitihani vinayotunga, vinawahakikishia kwamba hawajakosea njia. Mimi naona wamekosea, na ni kosa linalokula miaka. Fiziotherapia ikifundishwa sawasawa ni elimu ya kupambanua, na ya kumfanya mtu mwingine afanye kazi. Mikono ni msaidizi, tena msaidizi wa kutiliwa shaka mara kwa mara.

Ukiwauliza wa mwaka wa kwanza wamekuja kufuata nini, wengi watakutajia michezo. Picha iliyo kichwani ni ya mtu mwenye mkoba anayekimbilia uwanjani, mchezaji akiwa chini anagaagaa. Picha si ya uongo, ila ni kona ndogo ya chumba kikubwa. Ratiba ya mafunzo kwa vitendo inawashusha haraka: wodi ya wagonjwa wa kiharusi, chumba cha wagonjwa mahututi, ambako kazi ni kumsaidia mtu aliyetolewa juzi kwenye mashine ya kupumulia akohoe makohozi yake na akae ukingoni mwa kitanda, kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo, wazee waliovunjika nyonga, akina mama wanaovuja mkojo baada ya kujifungua, maana misuli ya sakafu ya nyonga nayo ni misuli na ina mazoezi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.41 duniani walikuwa na maradhi au majeraha ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, zingewafaa. Ni kama mtu mmoja katika kila watatu. Wachezaji mpira wamo humo, lakini itabidi uwatafute kwa tochi.

Mwaka wa kwanza ni anatomia, na hapo hakuna njia ya mkato. Misuli minne inayolishika bega, kila mmoja na mahali unapoanzia na unapoishia. Neva za mkono zinazotoka shingoni, kuanzia mzizi wa tano wa shingo hadi wa kwanza wa kifua (mzizi ni pale neva inapochomoza kutoka uti wa mgongo), zikiungana, zikaachana, zikaungana tena kama ukili wa mkeka. Wapo wanaozikariri kwa wimbo, wapo wanaozichora kwenye kioo cha bafuni. Sina ugomvi na kukariri, maana bila malighafi hiyo utafikiri kwa kutumia nini? Ugomvi wangu ni pale mtihani unapoishia hapohapo, mwanafunzi akatoka na maksi nzuri na kabati lililojaa vitu asivyojua vinatumika lini.

Chukua mgonjwa mmoja. Anaingia, mguu wa kulia unaburuta. Kila akipiga hatua ncha ya kiatu inakwaruza sakafu, kwa hiyo ananyanyua goti juu kama mtu anayevuka dimbwi. Hawezi kuinua unyayo. Aliyekariri atasema papo hapo: neva ya peronia, ile inayopita upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, ikizunguka shingo ya ule mfupa mwembamba. Huenda yuko sahihi. Neva hiyo iko karibu sana na ngozi, na kuchuchumaa saa nyingi au kukaa umekunja nne kunaweza kutosha kuibana. Lakini mzizi wa tano wa kiuno ukibanwa kule mgongoni nao huleta unyayo unaoburuta vilevile, na wagonjwa hawa wawili hawatibiwi kwa namna moja.

Sasa mwombe ageuze wayo uangalie ndani, kuelekea mguu wa pili. Msuli mkuu wa tendo hilo unaletewa amri na neva nyingine kabisa, ya tibia, ila chanzo cha nyuzi zake ni mizizi ileile ya kiuno. Akiweza kwa nguvu, kidole cha lawama kinaelekea gotini. Akilegea, panda juu: mlaze ubavu, mwambie autanue mguu kuelekea dari, uone kama nyonga nayo imelegea. Ikiwa imelegea, umeshaliacha goti na umefika kiunoni. Hujatumia mashine yoyote, hujakanda popote. Umetumia anatomia ileile ya mwaka wa kwanza, ila umeigeuza kutoka orodha kuwa swali. Wapo wanaomaliza shahada wakiijua orodha nzima bila kuuliza swali hilo hata mara moja, na cheti chao hakitofautiani na cha wengine.

Je, kuna haja ya haya yote kusomewa chuo kikuu? Wanaouliza hivyo si wapumbavu, kwani fani yenyewe haikuzaliwa chuo kikuu. Per Henrik Ling, Msweden aliyefundisha mazoezi ya mwili, alifungua taasisi yake ya mazoezi Stockholm mwaka 1813. Uingereza, mwaka 1894, wauguzi wanne walianzisha chama cha wachuaji waliofunzwa, na sehemu ya shabaha yao ilikuwa kulinda jina: kazi ya kuchua ilikuwa imechafuliwa na nyumba ambamo uchuaji ulikuwa kisingizio cha biashara nyingine. Vita Kuu ya Kwanza ikamwaga majeruhi wengi, mahitaji yakapanda. Hata hivyo kwa miongo mingi mfiziotherapia alibaki mtekelezaji. Daktari anaandika joto, kuchua, mazoezi, naye anafanya joto, kuchua, mazoezi. Kwa mpango huo kozi fupi na mikono mizuri vilitosha.

Mpango ulianza kuvunjika Australia mwaka 1976, pale chama cha taaluma kilipoliondoa katika kanuni zake za maadili sharti la kumpokea mgonjwa kwa rufaa ya daktari tu. Nchi nyingine zikafuata, kila moja kwa mwendo wake, na nyingine bado hazijafika. Wenzangu huutaja mwaka huo kama siku ya uhuru. Sawa, lakini uhuru ule ulikuja na mzigo. Mgonjwa akikujia moja kwa moja, hakuna aliyemchuja kabla yako.

Mtu ana maumivu ya kiuno, wiki ya pili sasa. Anasema anataka kukandwa. Ukimuuliza vizuri, tena ukimuuliza kwa maneno ya kawaida bila kumwonea haya, anakwambia tangu juzi hasikii sawasawa anapojifuta chooni, na mkojo unakataa kutoka. Huyo hana mazoezi kwako. Kifungu cha neva kilicho mwisho wa uti wa mgongo kinabanwa, na anatakiwa afike hospitali leo, kwani akichelewa anaweza kubaki na ulemavu wa kibofu maisha yake yote. Hatakwambia mwenyewe. Watu hawaji kwa mtaalamu wa viungo kuzungumzia choo. Swali hilo unalijua kwa sababu kuna mtu alikufundisha kwamba kila mgongo, hata ule wa kawaida wa Jumatatu asubuhi, huulizwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuipeleka fani hii chuo kikuu: kujua nani si wako.

Ajabu ni kwamba jambo hilo, ambalo ndilo linalotenganisha shahada na kozi ya miezi sita, halina nafasi kubwa katika mtihani wa vitendo. Nikumbuke wangu mmoja. Niliwekwa mbele ya mashine ya mawimbi ya sauti, ile yenye kichwa kama cha bomba la kuogea, na mwenzangu aliyeigiza kuumwa goti. Maksi zilikuwa hivi: kupaka jeli ya kutosha, kuzungusha kichwa cha mashine kwa miduara midogo bila kusimama, kuchagua megahezi 3 kwa tishu za juu au 1 kwa za ndani zaidi, kutaja watu wasioruhusiwa kufanyiwa, kufuta jeli. Nilipata karibu zote. Hapakuwa na hata maksi moja ya kuuliza kama goti lile lilikuwa na haja ya mashine.

Na wakati huo jibu lilikuwa limeshachapishwa. Mapitio ya mwaka 2001 yalichambua majaribio ya mashine hiyo, yakabakiza 10 yaliyofanywa kwa viwango vya kuridhisha. Katika 8, mashine iliyowashwa haikuishinda iliyozimwa. Mwalimu wetu alikuwa akiyajua mapitio hayo, alitupa mwenyewe tuyasome katika somo la utafiti, siku ya Jumanne. Alhamisi tukarudi kuzungusha miduara. Somo la utafiti na somo la vitendo yalikuwa kama majirani wasiosalimiana.

Vilevile na mgongo. Mwaka 1986 ilishajaribiwa kuwapa watu wenye maumivu ya kiuno mapumziko ya kitandani, wengine siku 2, wengine 7. Waliopewa 2 walikosa kazi siku chache zaidi, asilimia 45 pungufu, na kwa mengine hawakuwa nyuma. Mwaka 2015 yakaja mapitio ya picha za migongo ya watu wasioumwa kabisa: wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa, wa miaka 80, asilimia 96. Maana yake mwanafunzi anayemwonyesha mgonjwa picha na kumwambia "diski zako zimekwisha" anaweza kuwa anamsomea umri wake, na kumtia hofu itakayomfanya aogope kuinama miezi sita. Maneno nayo ni vifaa vya kazi, yana kipimo na yana madhara. Tangu 1999 ipo hifadhidata ya PEDro, iliyoanzishwa Sydney, ambapo mtu yeyote anatafuta majaribio ya fiziotherapia bila kulipa chochote. Kinachokosekana ni mwalimu wa vitendo anayesimama kando ya kitanda na kusema: tafuta kwanza, ndipo uguse.

Mahali ambapo kozi inajikomboa ni wodini. Vyuo vingi, vya Uingereza kwa mfano, hulenga saa 1,000 hivi za mafunzo kwa vitendo kabla ya kuhitimu, na sijakutana na mhitimu aliyezijutia. Saa zangu za kwanza zilinipa fundisho ambalo bado linanichoma. Mzee mmoja, kiharusi upande wa kushoto, wiki ya tatu. Kazi yangu: kumwinua kutoka kitini. Nikakumbuka yote niliyofundishwa kuhusu mgongo wangu, nikakunja magoti, nikamkumbatia chini ya makwapa, moja, mbili, tatu, akasimama. Nilijisikia vizuri. Jasho lilinitoka. Msimamizi akamkalisha tena taratibu, akanigeukia: "Zoezi zuri. Umefanya wewe."

Kisha akavuta kiti chake mwenyewe, akakaa mbele ya mzee, magoti kwa magoti. "Baba, rudisha miguu nyuma kidogo, visigino viingie chini ya kiti. Sogea mbele, ukalie nusu. Sasa nitazame, lete pua yako huku, ivuke vidole vya miguu." Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya goti la kushoto, unalikandamiza kidogo tu lielekee chini ili mguu ule ukumbuke kubeba. Mzee akainama, akaenda mbele kuliko alivyothubutu tangu augue, makalio yakaachana na kiti kwa kiasi cha kiganja, akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya nne au ya tano akasimama, anatetemeka, na goti la kushoto likiwa limenyooka kwa nguvu zake mwenyewe. Kule kumwinua kwangu kulikuwa usafirishaji wa mzigo.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hapa ni kinyume: mgonjwa ndiye anayejiganga, na mfiziotherapia anaandaa mazingira ya jambo hilo kutokea. Ubongo uliopigwa na kiharusi hujifunza upya kwa kurudia tendo, tena tendo ambalo mwenyewe analijaribu. Kila kilo uliyombebea bila sababu umemnyang'anya. Ni jambo gumu kwa kijana aliyekuja chuoni akiwa na huruma na misuli, na sioni linafundishwaje kwa slaidi.

Kuna upande mwingine wa hili ambao kozi nyingi huupita mbio. Mgonjwa unakuwa naye nusu saa, pengine mara moja kwa wiki. Saa nyingine zote yuko na mwili wake na karatasi yako ya mazoezi. Mwanafunzi mwenye bidii huandika mazoezi 10, kwa sababu anayajua 10 na anataka msimamizi ayaone. Mgonjwa anafika nyumbani, anayatazama, anayakunja, anayatia mfukoni. Akirudi anadanganya kwa adabu kwamba amefanya. Mwandikie mawili au matatu, muulize atayafanya saa ngapi na wapi, mwache akuonyeshe mbele yako kabla hajaondoka, na wiki ijayo usianze na "ulifanya?" Anza na "lipi lilikuwa gumu?" Hapo atakuambia ukweli. Haya ni maarifa kamili ya kitaalamu kama yalivyo yale ya neva ya peronia, ila kwa kuwa hayana jina la Kilatini yanachukuliwa kuwa ni tabia njema tu.

Kuhusu urefu wa shahada nitasema kwa ufupi, maana mjadala wake unanichosha. Kwingine ni miaka 3, kwingine 4. Marekani tangu 2016 programu zote zenye ithibati hutoa udaktari wa taaluma, yaani miaka kama 3 juu ya shahada ya kwanza. Wanaotetea wanasema kupokea mgonjwa bila rufaa kunahitaji kina. Kweli kunahitaji. Lakini miaka ikiongezwa kwa kumimina mbinu nyingine 20 za mikono, kila moja na jina la mwanzilishi wake na cheti chake cha mwisho wa wiki, tutakuwa tumerefusha orodha na deni la mwanafunzi, basi. Aliyetoka na miaka 4 ya kuulizwa "umejuaje?" kila siku namwamini zaidi.

Na kama unaiwazia kozi hii, fahamu pia kwamba mwili wako ni sehemu ya vifaa. Migongo na vidole gumba vya wafiziotherapia huumia sana, jambo ambalo matangazo ya vyuo hayaligusi. Nionavyo mimi, wengi wa wanaoumia gumba ni wale walioamini kwamba kubonyeza zaidi ndiyo kutibu zaidi.

Majuzi nilimpendekezea jambo rafiki yangu anayefundisha. Katika mtihani wao wa vitendo wenye vituo 8, kimoja kiwe na mtu mwenye maumivu ya kiuno ya kawaida, siku ya 4, hana dalili yoyote ya hatari, ameogopa kwa sababu ya picha aliyopigwa. Kitanda kipo, mashine ipo, jeli ipo. Jibu sahihi ni kutovigusa: umuulize yote yanayopaswa kuulizwa, umpime, kisha ukae, umweleze kwa lugha anayoielewa, umtoe hofu, umpe tendo moja la kwenda kufanya. Dakika 8 zikiisha jeli iwe haijafunguliwa.

Alilifikiria kwa makini, akalipenda hata. Halafu akachukua fomu ya kusahihishia, ile yenye visanduku vya kutia tiki, akaigeuza huku na huku. "Sasa," akaniuliza, "hapo maksi tunampa kwa lipi?"